Pesa Imetoka, Jina Haliko: Ufanye Nini Ukiwa Uwanjani?

Chukulia uko Kipungani, na kesho mama ana miadi na daktari Nairobi. Mmeamka mapema, mkapanda boti maji yakiwa bado yamejaa, hadi kwenye uwanja wa ndege kisiwani Manda. Karani anaangalia orodha, anatikisa kichwa: jina la mama haliko. Na kwenye simu yako kuna ujumbe wetu kwamba pesa ilitoka jana usiku. Sasa?

Kwanza, tulia. Usilipe mara ya pili. Mara nyingi pesa haijapotea. Imefika kwa kampuni ya ndege ila haijakutana na tiketi yako.

Inakuwaje? Ukibuki nafasi unapewa nambari ya buking, kwa kawaida yenye herufi au tarakimu 6. Hiyo ndiyo unayoiandika kama nambari ya akaunti unapolipa, na ndiyo inayoonyesha pesa hii ni ya abiria gani. Ukikosea hata herufi moja, pesa inaingia lakini inakaa bila mwenyewe. Pia, nafasi ambayo haijalipiwa hushikiliwa kwa muda tu. Ukilipa ukiwa umechelewa, kiti huenda kimeshachukuliwa.

Fanya hivi:

1. Fungua ujumbe wa malipo. Mwonyeshe karani nambari ya muamala, kiasi, saa, na nambari ya akaunti uliyoandika. Ilinganishe na ile ya buking, herufi kwa herufi. Kosa likionekana, omba waitafute pesa kwa nambari ya muamala na waihamishie kwenye buking yako.

2. Omba kiti kwanza, pesa baadaye. Uliza kama kuna nafasi leo au kesho. Wakikuahidi kitu, waombe wakuandikie.

3. Usikimbilie kutuomba turudishe muamala. Pesa ikishaingia kwa biashara hatuwezi kuichomoa peke yetu. Lazima biashara ihusike. Na ukidai irudi huku karani bado anashughulikia tiketi, unaweza kujivunjia safari mwenyewe.

4. Jihadhari na "wasaidizi". Ukilalamika mitandaoni, matapeli hujifanya huduma kwa wateja. Usitume "pesa ya kurekebisha tiketi" kwa nambari ya mtu binafsi, na PIN usimpe mtu yeyote, hata akisema ametoka kwetu.

Ikiwa kiti hakipo kabisa, pigia hospitali simu mapema uombe siku nyingine. Kisha pima njia ya nchi kavu: boti hadi Mokowe, basi hadi Mombasa, halafu treni ya Madaraka Express, ambayo ilianza kubeba abiria 2017. Ni safari ndefu. Kwa kijana ni sawa. Kwa mama mgonjwa, heri kungoja ndege inayofuata. Miadi inaweza kusogezwa.

Safari ijayo, kabla ya kulipa angalia mambo haya:

- Saa. 08:00 kwenye tiketi ni saa mbili asubuhi. Saa nane mchana huandikwa 14:00.
- Jina liwe kama lilivyo kwenye kitambulisho.
- Uwanja wa kurudi. Nairobi kuna Wilson na kuna JKIA, na ukienda kusikokuwa, foleni za magari hazitakungoja.
- Nambari ya buking. Usichanganye O na sifuri, wala I na moja.

Na hili lishike zaidi ya yote: ujumbe wetu ni risiti ya pesa, siyo tiketi. Usilale kabla tiketi yenyewe haijaingia kwenye simu au barua pepe. Isipoingia, ipigie kampuni ya ndege usiku huohuo, ungali nyumbani Kipungani, kabla hujalipa nauli ya boti.

Bado umekwama? Tupigie ukiwa na nambari ya muamala. Tutakuthibitishia pesa yako ilifika wapi, ndipo ujue pa kubisha hodi.