Bibi, wajukuu na safari ya ndege

Likizo ikikaribia, zipo familia zinazopanga safari ya Dubai: bibi, wazazi na watoto wote pamoja. Tiketi na viza hushughulikiwa mapema, lakini dawa za bibi hukumbukwa usiku wa kuamkia safari.

Kama bibi anatumia insulini, asiiweke kwenye begi linalopakiwa chini ya ndege. Huko inaweza kuganda, na insulini iliyoganda haifai tena hata ikiyeyuka. Ikae kwenye mkoba wa mkononi pamoja na sindano, kipimo cha sukari, kitu kitamu na barua ya daktari. Dawa zote zibaki kwenye pakiti zake, na ziwepo za akiba za siku kadhaa.

Dawa za maumivu kama tramadoli na kodeini zinadhibitiwa vikali katika Umoja wa Falme za Kiarabu. Hata kama ameandikiwa na daktari, ombeni kibali kabla ya kusafiri.

Kukaa kwenye kiti zaidi ya saa nne huongeza hatari ya damu kuganda miguuni. Bibi achezeshe vifundo vya miguu, atembee na anywe maji. Mtoto mchanga anyonyeshwe ndege inapoanza kushuka. Kumeza hupunguza maumivu ya masikio.

Mkifika au mkirudi, mguu mmoja ukivimba na kuuma, nendeni hospitali siku hiyohiyo. Akikosa pumzi au kifua kikimbana, hiyo ni dharura, msisubiri kupambazuke.