Namba Katika Karatasi ya Picha ya Matiti



Mama mmoja wa mtaa wetu hapa Singida alirudi safari ya hospitali na karatasi ya Kiingereza, majibu ya picha ya matiti. Mwanawe asomaye sekondari akaisoma, akaona imeandikwa daraja la 4. Nyumba nzima ikaangua kilio, kwani kila mtu amekwisha kusikia kwamba saratani ya hatua ya nne ndiyo ya mwisho. Mama yule akakaa wiki tatu asirudi kwa daktari, akisema, "Nirudi kufanya nini, nami nimekwisha hukumiwa?"

Laiti wangaliuliza! Hatua hueleza saratani iliyokwisha kuthibitishwa imeenea kadiri gani. Daraja la picha hueleza shaka ya daktari aliyeitazama picha hiyo. Madaraja hayo huitwa BI-RADS, nayo yalichapishwa mara ya kwanza Marekani mwaka 1993. Maana yake ni hii:

0: picha haikutosha, zatakiwa nyingine, au za zamani za kulinganishia. Wala si kusema kwamba hakuna kitu.
1: hakuna kibaya kilichoonekana.
2: kipo kitu, lakini si saratani.
3: yaelekea sana si saratani, shaka haizidi 2 katika 100. Aghalabu picha hurudiwa baada ya miezi 6.
4: iko shaka, ndogo au kubwa; yapasa kutolewa kipande kidogo cha nyama kwa sindano kikapimwe.
5: shaka ni 95 katika 100 au zaidi, kipimo hicho kisicheleweshwe.
6: saratani ilikwisha kuthibitishwa kabla ya picha.

Zikiandikwa 4A, 4B au 4C, shaka yazidi kwa utaratibu huo. Herufi A hadi D zisizo na namba ni jambo jingine: hueleza nyama ya titi ilivyoshikamana. D si maradhi, ila nyama ya namna hiyo yaweza kuuficha uvimbe. Kwa hiyo mwenye kupapasa uvimbe asitosheke na namba njema; amwambie daktari.

Nchini Tanzania saratani ya matiti ni ya pili kwa wanawake, baada ya ile ya mlango wa kizazi, na wengi hufika hospitali maradhi yamekwisha kukomaa. Basi wiki tatu si kitu kidogo. Wala tusisadiki maneno ya barazani kwamba sindano ya kipimo hutawanya saratani.

Mwishowe shangazi yake alimshika mkono mama yule wakarudi. Kipimo kikafanywa, saratani ikakutwa ingali changa, na sasa yumo katika matibabu.

Enyi waume, nauli ya mkeo kurudi hospitali ni katika haki zake. Nanyi vijana, mkisomeshwa karatasi ya mama zenu, msitoe fatwa. Mpelekeni kwa aliyeiandika. Kurani imetuamrisha kuwauliza wenye elimu tusiyoyajua, na Mtume wetu (S.A.W.) ametufundisha kwamba kila maradhi yameteremshiwa dawa.

Mwenyezi Mungu awaponye wagonjwa wetu. Amin.