Krismasi ya Sista Aliye Mbali na Kwao

Ndugu msikilizaji, ifikapo katikati ya mwezi Desemba mji wa Korogwe hupitiwa na watu wengi kuliko wakati mwingine wowote wa mwaka. Mabasi yatokayo Dar es Salaam kwenda Moshi na Arusha hupita yamejaa hadi mlangoni. Wenzetu wa Kilimanjaro wanakwenda kula Krismasi kwao, na vijana wetu wauza machungwa hukimbilia madirishani kabla dereva hajaondoa gari. Kila mwenye kwao anakwenda kwao.

Lakini yupo mtu ambaye hapandi basi hilo. Ni sista wa misheni, mtawa aliyetoka nchi ya mbali na kuweka nadhiri ya kutumikia mahali alipotumwa. Sisi tumemzoea kiasi kwamba hatujiulizi sikukuu anaila na nani. Leo napenda tumzungumzie yeye, na namna anavyoyapitia Majilio na Krismasi akiwa ugenini.

Kwanza tuelewane kuhusu Majilio. Wakatoliki, Waanglikana na Walutheri huanza mwaka wao wa kanisa Jumapili ya nne kabla ya Krismasi. Jumapili hiyo haianguki kabla ya tarehe 27 Novemba wala kupita tarehe 3 Desemba, hivyo Majilio huwa na siku zisizopungua 22 na zisizozidi 28. Kwa Wakatoliki, padre huvaa zambarau, na utenzi wa Utukufu huachwa Jumapili hizo hadi Krismasi. Ni kipindi cha kungojea.

Sasa, mambo mengi tuyaonayo katika kungojea huku yalizaliwa Ulaya, katika baridi na giza. Kaskazini mwa Ujerumani, mwezi Desemba jua huchomoza baada ya saa 2 asubuhi, na mnamo saa 10 jioni huzama. Lile taji la majani mabichi lenye mishumaa 4 lilianzia mjini Hamburg mwaka 1839. Inasimuliwa kwamba mwanateolojia wa Kilutheri, Johann Hinrich Wichern, aliyekuwa akilea watoto maskini, alichoka kuulizwa kila siku Krismasi ni lini. Akatwaa gurudumu la mkokoteni, akapanga mishumaa juu yake, na kila siku ukawashwa mmoja. Wakatoliki walikuja kuupokea mtindo huo baadaye. Katika giza la namna ile, mshumaa mmoja zaidi ni jambo kubwa.

Jambo la pili ni chakula. Mkulima wa Ulaya huwa amevuna tangu Agosti na Septemba, kwa hiyo Krismasi humkuta ghala lake limejaa. Handeni ni kinyume. Desemba ni mwezi wa vuli. Mahindi, kama mvua imekubali, yako shambani na yanataka palizi, na ghala la mavuno yaliyopita limebaki vumbi. Mvua ikigoma, na Handeni tunajua inavyogoma, hakuna cha kungojea ila kununua unga kwa debe, na bei yake mwezi huo haina huruma.

Miaka iliyopita nilizungumza na sista mmoja Mjerumani, muuguzi, aliyefanya kazi muda mrefu upande wa Handeni. Aliniomba nisimtaje jina, nami namtii. Aliniambia kwamba Desemba yake ya kwanza aliipitia akijaribu kuihamishia Ujerumani Handeni. Alisuka taji la majani ya mwarobaini. Kabla ya Jumapili ya pili mishumaa ilikuwa imepinda kwa joto, na majani yamekauka. Tarehe 6 Desemba, Sikukuu ya Mtakatifu Nikolasi, siku ambayo utotoni alikuta peremende ndani ya kiatu chake, alikuwa zamu wodini, na watoto wa malaria walikuwa wengi kwa sababu mvua ilikuwa imenyesha. Kifurushi alichotumiwa na mama yake kilifika mwezi Februari. Alisema usiku wa Krismasi aliimba na wenzake vizuri tu, kisha akaenda chumbani kulia.

Mwaka wa pili mama mmoja wa jumuiya yake alimwambia, “Sista, ukiwa huna zamu, njoo na jembe.” Wahenga walisema, mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Wengi wetu tunaudhani ni msemo wa kumfukuza mgeni kwa adabu. Sista aliuelewa tofauti. Alipopalilia, ndipo alipojua jirani zake wanangojea nini katika Majilio: kwamba mvua isikatike kabla mahindi hayajabeba.

Jambo analolikumbuka zaidi, hata hivyo, ni la miaka michache baadaye. Baba yake alifariki katikati ya Majilio. Barua ilifika siku chache kabla ya Krismasi, na maziko yalikuwa yamekwisha kupita. Alikusudia kunyamaza, maana kwa mawazo yake msiba ule ulikuwa wa Ujerumani. Lakini mhudumu mmoja wa wodi alimwona machoni, akamwuliza. Jioni ile ile akina mama walifika uani kwa masista, wakatandika mikeka, wakakaa. Walikaa naye siku 3, Wakristo na Waislamu. Hakuna hata mmoja wao aliyewahi kumwona marehemu. Walichanga unga, kila mmoja kibaba chake, katika mwezi ule ambao ghala ni tupu. Sista alijua bei ya unga ule, kwa kuwa alikwisha kulima nao.

Nilimwuliza Krismasi ya mwaka huo ilikuwaje. Alijibu kwamba alikwenda kanisani amevimba macho, akaimba kwa Kiswahili, na hakukumbuka kutengeneza taji.

Ndugu msikilizaji, sista huyu si wa kwanza. Mwaka 1911 Askofu Frank Weston wa Kanisa la Kianglikana aliunda shirika la watawa wa kike. Masista wa shirika hilo, waliotoka Uingereza, ndio wengi wenu mnaowakumbuka Kwamkono, Handeni, kwa hospitali na kwa malezi ya watoto waliopooza kwa polio. Upande wa Wakatoliki, Jimbo la Tanga, ambalo Handeni na Korogwe zimo ndani yake, lilikuwa jimbo kamili mwaka 1958. Enzi za masista wale wa kwanza barua na vifurushi vilikuja kwa meli. Aliyetaka salamu za Krismasi zimfikie sista kwa wakati alianza kuandika miezi kabla.

Wala njia hii si ya kuja huku tu. Mtakatifu Josephine Bakhita, binti wa Darfur aliyeibwa na kuuzwa utumwani, alikuwa mtawa nchini Italia. Aliishi katika mji wa Schio tangu mwaka 1902, akafia huko mwaka 1947 bila kurudi kwao. Na leo wako masista wa Kitanzania Italia, Ujerumani na Marekani, wanaohudumia wazee na wagonjwa. Huyo wa kwetu naye Desemba hii anaamka gizani, anavaa makoti mawili, na hakuna anayemtandikia mkeka. Kama ni dada yako au shangazi yako, siku hizi simu ipo. Usingoje yeye apige.

Ninachotaka kusema ni hiki. Mtu wa mbali hapungukiwi sana na theluji wala keki za kwao. Anapungukiwa na watu wa kungojea nao. Sisi hodi zetu kwa masista huwa ni za usiku, tumebeba mgonjwa, na wao hufungua. Basi mwaka huu piga hodi mchana, huna mgonjwa. Muulize habari za mama yake. Mwambie aje shambani, au aje ale ulichonacho, hata kama ni kuku mmoja kwa watu tisa.

Wahenga walisema pia kwamba mkataa kwao ni mtumwa. Sista hakukataa kwao. Amekubali kuwa na kwao pawili. Hapo pa pili ni sisi tunaopaswa kumfungulia mlango.

Nawatakia Majilio mema, na Mungu aijalie vuli yetu.