Njaa ya Mtu Anayepunguza Mwili

Siku hizi katika shule yetu wako wavulana wengi wanaoamka alfajiri kukimbia kuzunguka kiwanja, na wengine hufanya pushapu kando ya bweni, wakitaka kupunguza mafuta na kukaza misuli. Jambo hili ni zuri. Lakini sijasikia mtu akieleza habari za njaa, nayo ndiyo inayowashinda wengi kabla mwezi haujaisha. Mimi mwenyewe ilinishinda, tena vibaya, na kwa sababu hiyo naandika.

Nilipoingia Senior ya Tano nilikuwa na kilo 74. Likizo zote za mwaka ule nilikaa dukani kwa mjomba wangu mjini Mbarara, ambako kazi yangu ilikuwa kuketi na kupokea fedha, na jirani yetu alikuwa mkaanga chapati. Niliporudi kuanza Senior ya Sita, mzani wa zahanati ulionyesha kilo 84. Mwalimu wa michezo hakunigombeza. Aliniambia tu kwamba nitakaa benchi mpaka nitakapoweza kukimbia kipindi cha pili kama ninavyokimbia cha kwanza. Nilikuwa beki wa kulia. Wenzangu wakaanza kuniita Meneja.

Basi nikaamua kwamba dawa ni moja tu, kuacha kula. Asubuhi niliacha uji, saa saba nilikula vijiko vichache vya maharagwe, na usiku nilikunywa chai ya rangi. Saa kumi nilikimbia kilomita tano. Siku nne za kwanza nilijiona shujaa. Siku ya tano niliketi darasani nikitazama ubao, na badala ya hesabu nikawaza mandazi. Siku ya tisa ndipo nilipoharibika. Jirani yangu wa kitanda atoka Lira, na kila muhula mama yake humpa kopo la odii, yaani karanga na simsim zilizosagwa pamoja. Kopo hilo alikuwa akiliweka katika sanduku lisilo na kufuli, kwa kuwa bwenini kwetu hatukuwa na desturi ya kuibiana. Usiku ule nililifungua sanduku nikala kwa kijiko, gizani, mpaka kopo likabaki nusu.

Asubuhi alipoona, alimshuku kijana mmoja wa Senior ya Kwanza anayelala karibu na mlango. Kijana akalia. Nami nilinyamaza siku nzima, na hata sasa nikiikumbuka siku ile uso hunipata moto. Jioni nilimwendea mwenye kopo nikamwambia, "Ndugu yangu, ni mimi." Akanitazama sana, akasema, "Wewe unayejinyima uji?" Yule kijana nilimwomba msamaha mbele ya bweni zima.

Kesho yake nilikwenda zahanati, maana nilidhani nina ugonjwa. Sista aliniuliza nimekula nini siku tisa hizo, nikamtajia. Akacheka kidogo, akasema, "Mwanangu, umeuambia mwili wako kwamba kuna ukame, halafu unashangaa kwamba unatafuta chakula!" Akanipa kitabu nisome, na kutoka hapo nikasoma vingine katika maktaba yetu. Haya ndiyo niliyoyapata.

Wengi wetu hudhani ya kwamba njaa ni udhaifu wa nia, na kwamba mwenye moyo mgumu huishinda. Sivyo. Njaa ni ulinzi wa mwili. Mafuta yaliyo mwilini hutoa homoni iitwayo leptini, ambayo iligunduliwa mwaka 1994 na Jeffrey Friedman na wenzake katika mji wa New York, nayo huuarifu ubongo kwamba akiba iko. Mtu akijinyima sana, leptini hupungua upesi, hata kabla mafuta yenyewe hayajapungua sana, na ubongo huanza kudai chakula. Tena iko homoni nyingine, grelini, ambayo wataalamu wa Japani waliigundua mwaka 1999. Hii hutoka hasa tumboni, hupanda kabla ya chakula na kushuka baada ya kula. Kwa hiyo mtu anayejinyima hapigani na ulafi wake tu. Anapigana na damu yake mwenyewe.

Mfano ulionistusha kuliko yote ni wa chuo kikuu cha Minnesota, Marekani. Katika miaka ya 1944 na 1945, mtaalamu aitwaye Ancel Keys aliwachukua vijana 36 waliojitolea, wanaume wazima wenye afya ambao walikuwa wamekataa kwenda vitani kwa sababu ya imani yao. Alitaka kujua jinsi ya kuwalisha watu wa Ulaya waliokuwa wakifa njaa kwa ajili ya vita. Kwa muda wa miezi sita walipewa kalori zipatazo 1,570 kwa siku, yaani karibu nusu ya chakula chao cha kawaida, nao walitakiwa kutembea kilomita 35 kila wiki. Walipungua karibu robo ya uzito wao. Lakini tazama mambo mengine yaliyowapata: walisikia baridi, walikuwa wepesi wa kukasirika, walilamba sahani, na wengine wakawa wasomaji wa vitabu vya mapishi ingawa hapo zamani hawakujali upishi. Baadhi yao walivunja masharti wakala kwa siri. Nao walikuwa watu wenye nia thabiti kuliko mimi! Niliposoma hayo sikujiona nimesamehewa wizi wangu, lakini nilielewa ulikotoka. Wahenga walisema mwenye njaa hana miiko.

Basi mtu afanyeje? Kwanza ajue hesabu. Kilo moja ya mafuta ya mwili ni akiba ya kalori 7,700 hivi. Mtu akipunguza kalori 500 kwa siku, kwa kula pungufu kidogo na kwa mazoezi, atapungua karibu nusu kilo kwa wiki. Huo ni mwendo wa kinyonga, lakini njaa yake yavumilika. Kukimbia peke yake hakutoshi. Kwa kukadiria, mtu hutumia kalori moja kwa kila kilo ya uzito wake katika kila kilomita anayokimbia. Kwa hiyo mimi mwenye kilo 84, kwa kilomita tano, nilitumia kalori 420 hivi. Sasa linganisha na lile kopo. Gramu 100 za karanga zina kalori zipatazo 570. Nami nilikula kama robo kilo ya odii, yaani kalori zaidi ya 1,400. Mbio zangu za siku tatu zilimezwa na kijiko katika dakika kumi.

Pili, na hapa ndipo penye siri kubwa, si vyakula vyote vishibishavyo sawasawa. Mwaka 1995 Susanna Holt na wenzake katika chuo kikuu cha Sydney, Australia, waliwapa watu vyakula 38 mbalimbali, kila kimoja kwa kipimo chenye kalori sawa, kisha wakawauliza kila robo saa, kwa muda wa saa mbili, wameshiba kiasi gani. Mkate mweupe ulipewa alama 100. Viazi mviringo vya kuchemshwa vilipata 323, navyo vikawa vya kwanza. Samaki alipata 225, maharagwe 168, mayai 150. Karanga zilipata 84 tu, na keki 65. Hapana shaka wasomaji mtashangaa kama nilivyoshangaa mimi, maana viazi vya Kabale tunavidharau kila Jumamosi tukisema ni chakula cha kunenepesha. Kinachonenepesha ni mafuta vinamokaangiwa. Gramu moja ya mafuta ina kalori 9, lakini ya wanga au ya protini ina 4 tu.

Kwa hiyo sasa nakula hivi. Asubuhi nakunywa uji wangu wote, ila bila ile sukari ya kuongeza. Saa saba namwomba mpishi apunguze posho na kunijazia maharagwe. Mwanzoni alininung'unikia, sasa amezoea. Maharagwe yana protini na nyuzinyuzi, nayo hukaa tumboni muda mrefu. Nikiwa na fedha hununua yai la kuchemshwa kantini badala ya chapati, au mukene, yaani dagaa, sokoni. Nakula polepole, kwa kuwa habari za kushiba huchelewa kufika kichwani dakika ishirini hivi. Katika chumba chetu cha chakula jambo hili ni gumu kuliko mbio, maana anayechelewa husafisha meza.

Mazoezi pia nimeyapanga upya. Kukimbia kwa nguvu hutuliza njaa kwa muda, kwani grelini hushuka kidogo. Lakini baadaye njaa hurudi, na kama hakuna chakula tayari mtu ataishia kantini. Nimeona afadhali kukimbia jioni ili chakula cha usiku kinifuate karibu. Siku tatu za wiki sikimbii, bali nafanya pushapu, nachuchumaa na kusimama nikiwa na mfuko wa mchanga mabegani, na kujivuta juu ya mti wa goli. Sababu yake ni kwamba mwili wenye njaa hula misuli pamoja na mafuta, ila misuli ile inayofanyizwa kazi nzito na kupewa protini huhifadhiwa zaidi. Wale wanaolala chali na kuinuka mara mia ili tumbo liishe wanajisumbua bure. Misuli ya tumbo itapata nguvu kweli, lakini mafuta hupungua mwili mzima, wala hayachagui mahali kwa amri yetu.

Usingizi nao una sehemu yake. Wataalamu wameona kwamba mtu asiyelala vya kutosha huwa na njaa zaidi kesho yake. Sisi tunaosoma kwa tochi chini ya blanketi tujue kwamba twajiongezea mzigo.

Vijana wa Senior ya Kwanza na ya Pili ambao bado wanakua wasijipunguzie chakula kwa kusoma habari hii; wao wacheze tu. Na yeyote anayeona kizunguzungu aende zahanati.

Wiki iliyopita, ambayo ilikuwa ya kumi na moja, mzani ulionyesha kilo 79. Nimecheza vipindi viwili kamili mara moja, dhidi ya timu ya pili. Mwenye kopo nilimnunulia odii nyingine, akaipokea, lakini sanduku lake sasa lina kufuli, wala simlaumu.

Limebaki jambo moja ambalo bado hunisumbua, nalo ni saa nne usiku, tutokapo katika masomo ya usiku. Chakula kimekwisha zamani, uji uko mbali, na bweni zima hunukia vitu vya watu. Nimesoma kwamba grelini huja kama wimbi katika saa alizozoea mtu kula, kisha hushuka yenyewe hata asipokula, na kweli nikinywa maji na kupiga mswaki, mara nyingi hupita. Usiku mwingine haipiti. Jumamosi huwa naficha kiazi kimoja cha baridi, lakini Jumatatu sina. Kama yuko msomaji aliyepata njia nzuri ya kuipitisha saa ile, na aiandike katika toleo lijalo.