Hisabati, Mpira na Nyumba: Tumkumbuke Harald Bohr

Wazazi wa Makutano, Meru, sawa na wenzao wa Mombasa na Lamu, wanaujua mvutano unaozuka nyumbani mitihani inapokaribia. Mtoto anarudi jioni, magoti yamejaa vumbi na mpira u kwapani, ilhali daftari la hisabati halijafunguliwa tangu asubuhi. Mama huona kuwa mpira unamwibia mwanawe maisha yake; mtoto naye huona kuwa daftari linamnyima furaha. Wiki hii tumependa kuzikumbusha familia zetu maisha ya mtu ambaye nyumba yao haikumlazimisha kuchagua kimoja na kukitupa kingine.

Harald Bohr alizaliwa Copenhagen, mji mkuu wa Denmark, tarehe 22 Aprili 1887. Baba yake, Christian Bohr, alikuwa profesa aliyechunguza namna mwili unavyofanya kazi. Mama yake, Ellen Adler, alitoka katika ukoo wa Kiyahudi uliojulikana kwa shughuli za benki. Dada yao mkubwa aliitwa Jenny, na kaka yake, Niels, ndiye aliyekuja kupata Tuzo ya Nobel ya fizikia mwaka 1922.

Tunaomba wasomaji waitazame kwanza nyumba hiyo. Baba aliwaalika wanazuoni wenzake nyumbani kujadiliana: mwanafalsafa, mwanafizikia na mjuzi wa lugha. Watoto hawakufukuzwa kwenda kulala. Waliruhusiwa kuketi na kusikiliza kwa adabu, hata wakazoea kusikia watu wazima wakipingana bila kugombana. Na vijana hao hao waliosikiliza falsafa usiku waliachwa wacheze mpira mchana. Wahenga wetu walisema kuwa mtoto umleavyo ndivyo akuavyo.

Ndugu hao wawili waliichezea klabu ya Akademisk Boldklub, Niels akiwa golikipa. Lakini aliyeng'ara zaidi uwanjani alikuwa Harald. Mwaka 1908, akiwa na umri wa miaka 21, aliichezea timu ya taifa ya Denmark katika Michezo ya Olimpiki mjini London. Katika mechi ya kwanza waliifunga timu ya pili ya Ufaransa mabao 9 kwa 0, na Harald akatia mawili. Kisha wakaishinda timu ya kwanza ya Ufaransa mabao 17 kwa 1. Katika fainali walishindwa na Uingereza mabao 2 kwa 0, wakarudi kwao na nishani ya fedha.

Miaka miwili baadaye, mwaka 1910, Harald alisimama kutetea tasnifu yake ya udaktari wa hisabati. Husimuliwa kuwa ukumbi ulijaa mashabiki wa mpira kuliko wanahisabati. Huenda wengi wao hawakuelewa hata mstari mmoja wa yaliyosemwa, lakini walikwenda kumshuhudia mchezaji wao akivaa heshima nyingine.

Je, alifanya nini katika hisabati? Sisi watu wa asili ya pwani tuna mfano ulio karibu nasi. Bahari hujaa na kupwa kwa nguvu ya mwezi na ya jua. Mvuto wa mwezi hurudia mzunguko wake kwa takriban saa 12 na dakika 25, na wa jua kwa saa 12. Mizunguko hiyo ikikutana hupatikana bamvua. Ikipingana huwa maji mafu. Kwa kuwa mizunguko hailingani, bahari hairejei hali yake ya zamani sawasawa. Hurejea kwa kukaribia tu. Katika miaka ya 1920 Bohr aliunda nadharia nzima ya mambo ya namna hiyo, yanayokaribia kujirudia bila kujirudia kamili. Mvuvi aliyeifahamu bahari kwa uzoefu asingeshangazwa na wazo hilo; Bohr alilipa lugha ya hisabati.

Lakini kipawa peke yake hakimfanyi mtu akumbukwe kwa wema. Harald aliheshimiwa kwa namna alivyoishi na watu. Kwa Niels alikuwa ndugu na msiri. Walipotengana waliandikiana barua nyingi, na Niels alimfungulia mawazo yake ya kisayansi kabla ya kuyatoa kwa wengine. Mmoja alipopata sifa za dunia nzima, mwenzake hakuingiwa na kijicho. Familia ngapi leo hupoteza udugu kwa jambo dogo kuliko hilo?

Utawala wa Hitler ulipoanza kuwafukuza walimu wa Kiyahudi kutoka vyuo vya Ujerumani mwaka 1933, Harald hakungoja aombwe. Alisafiri, akazungumza na waliokuwa hatarini, na akatumia majina aliyoyajua katika nchi nyingine kuwatafutia kazi na makao. Miaka kumi baadaye zamu ikawa yake. Mnamo 1943 Wayahudi wa Denmark walianza kusakwa, naye akakimbilia Sweden pamoja na maelfu ya wengine. Aliyewapokea wakimbizi akawa mkimbizi. Kwa Wakenya walioishi miaka mingi na majirani wa Dadaab na Kakuma, hilo si jambo la kusomwa kwa haraka.

Vita vilipokwisha alirejea kufundisha. Alifariki tarehe 22 Januari 1951, akiwa na umri wa miaka 63. Chuo Kikuu cha Copenhagen kimetoa tuzo ya ualimu bora kwa jina lake. Maana alijua, na alijua kumwelewesha asiyejua.

Tunachukua nini majumbani mwetu? Kwanza, mpira si adui wa daftari. Adui ni kukosa ratiba. Mzazi apange saa ya uwanja na saa ya kusoma, kisha azilinde zote mbili. Pili, mtoto asikie mazungumzo ya maana nyumbani. Hesabu za soko, za karo na za mirathi zifanywe mbele yake, naye aulizwe jibu, awe wa kiume au wa kike. Wanahisabati wa Kiislamu walitutangulia katika hilo: al-Khwarizmi alitenga sehemu ya kitabu chake cha aljebra kwa ajili ya kugawa mirathi. Tatu, tusimfundishe mtoto kushinda tu. Tumfundishe pia kumfungulia mlango aliyefungiwa.

Nishani ya fedha ya 1908 ni ya kuwekwa kabatini. Waliookolewa na barua za Harald Bohr walipata maisha, na watoto wao wakapata wazazi. Mama atakayemwona mwanawe jioni akirudi na vumbi magotini, na amsubiri anawe, ale, kisha wafungue daftari pamoja.