Vyombo chakavu vya nyumbani huishia wapi katika nchi jirani?

Familia inapohama, au mzee anapofariki na nyumba aliyopanga kutakiwa irejeshwe kwa mwenyewe, vitu vyenye thamani hugawanywa mapema. Vinavyobaki ni friji iliyokufa, televisheni ya kichogo, godoro lililobonyea, betri ya sola na ndoo za rangi zilizoganda. Katika miji ya Nairobi, Kampala na Kigali, mabaki hayo huondolewa na wenye malori, vijana wa mikokoteni na wanunuzi wa vyuma chakavu.

Wengi huamini kwamba kwa njia hiyo hakuna kinachopotea, kwani kila kitu hupata mnunuzi. Imani hiyo ina ukweli kwa kitanda cha mninga au sufuria iliyotoboka. Kwa betri na friji, hali ni tofauti. Mustakabali wa vitu hivyo huamuliwa mlangoni, kabla ya lori kupakiwa: vikitenganishwa, vingi huokolewa, vikichanganywa, huishia jaani au mikononi mwa mtu asiye na vifaa vya kuvishughulikia.

Jaa lililoporomoka

Gharama ya kuchanganya taka ilionekana nchini Uganda tarehe 10 Agosti 2024. Siku hiyo, baada ya mvua kubwa, sehemu ya jaa la Kiteezi, nje kidogo ya Kampala, iliporomoka na kuzifunika nyumba za jirani. Zaidi ya watu 30 walipoteza maisha. Jaa hilo lilianza kutumika mwaka 1996, na kwa takriban miongo mitatu lilipokea taka za jiji hadi likawa mlima. Mwezi Septemba mwaka huohuo, Rais Yoweri Museveni aliwafuta kazi viongozi watatu wa juu wa Mamlaka ya Jiji la Kampala.

Nairobi nayo ina mlima wake. Jaa la Dandora lilianza kutumika katika miaka ya 1970, na lilitangazwa kuwa limejaa mwaka 2001. Hata hivyo, malori hayakukoma kumwaga taka humo, na mamia ya watu huendelea kuchambua plastiki, chuma na nguo kwa mikono mitupu. Wao ndio warejelezaji wakubwa wa jiji, lakini huvipata vitu vikiwa vimekwisha kulowa, kuvunjika na kuchafuliwa. Kiti ambacho seremala angeweza kukikarabati asubuhi, jioni huwa kuni.

Vitu visivyofaa kuuzwa kwa kilo

Mnunuzi wa vyuma chakavu hupima uzito. Utaratibu huo unafaa kwa mabati, vitanda vya chuma na vyombo vya alumini, lakini huwa hatari kwa vifaa vinavyobeba sumu ndani yake.

Friji za zamani zilitumia gesi inayoharibu tabaka la ozoni, na ambayo pia huongeza joto la dunia maelfu ya mara kuliko hewa ya ukaa ya uzito uleule. Fundi akikata bomba ili kupata shaba, gesi hiyo hutoka yote kwa dakika chache. Kioo cha televisheni ya kichogo kina madini ya risasi, na taa za mirija zina zebaki. Nyaya zinapochomwa ili kuondoa plastiki, moshi wake hubeba sumu aina ya dayoksini.

Betri ndizo zenye hatari iliyo karibu zaidi na nyumbani, hasa sasa ambapo umeme wa jua umeenea. Anayenunua betri ya zamani hutafuta risasi iliyomo, na mara nyingi tindikali humwagwa chini ili mzigo uwe mwepesi. Tindikali hiyo hubeba chembe za risasi hadi kwenye udongo ambao watoto huchezea. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi katika damu kinachojulikana kuwa salama.

Funzo la Owino Uhuru

Urejelezaji wenyewe unaweza kuua usipodhibitiwa. Mfano unaojulikana zaidi Afrika Mashariki ni wa Owino Uhuru, mtaa wa watu wa kipato cha chini mjini Mombasa. Kiwanda kilichojengwa kando ya makazi hayo kiliyeyusha betri zilizotumika ili kupata risasi. Moshi na maji yake machafu viliingia majumbani. Mwanaharakati Phyllis Omido, aliyekuwa mfanyakazi wa kiwanda hicho, alianza kampeni baada ya mwanawe mchanga kugundulika kuwa na sumu ya risasi. Kiwanda kilifungwa mwaka 2014.

Mwaka 2020, Mahakama ya Mazingira na Ardhi mjini Mombasa iliamuru wakazi walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.3 za Kenya. Mahakama ya Rufani iliitengua amri hiyo mwaka 2023, kabla ya Mahakama ya Juu kuirejesha Desemba 2024. Betri iliyouzwa kihalali nyumbani ilikuwa imegeuka kuwa maradhi kwa mtu mwingine, na haki ilichukua miaka mingi kumfikia.

Sheria na viwanda

Kenya ilipitisha Sheria ya Usimamizi Endelevu wa Taka mwaka 2022. Sheria hiyo inaitaka kila kaya kutenganisha taka zinazooza na zisizooza, na inazitaka serikali za kaunti kuweka vituo vya kuchambua taka. Kanuni zilizofuata mwaka 2024 zinawabebesha wazalishaji na waagizaji wa bidhaa, zikiwamo za kielektroniki na betri, wajibu wa kugharimia ukusanyaji wake zinapochakaa.

Rwanda ilianzia upande wa kiwanda. Katika wilaya ya Bugesera, kusini mwa Kigali, kuna kituo cha kuchakata taka za kielektroniki chenye uwezo wa kupokea hadi tani 10,000 kwa mwaka. Kompyuta zinazofaa hukarabatiwa, na zilizobaki hufunguliwa na vipande vyake kutenganishwa.

Kiwanda, hata hivyo, hakiwezi kuchakata kisicholetwa. Duniani kote, mwaka 2022 zilizalishwa tani milioni 62 za taka za kielektroniki, na kiasi kilichothibitishwa kukusanywa na kurejelezwa ipasavyo kilikuwa asilimia 22.3 tu.

Kwa kaya inayohama, kazi huanza kwa mafungu matatu: vinavyotumika bado, ambavyo hupewa jamaa, mafundi au wauza mitumba, chuma, mbao na plastiki safi, na vyenye sumu, yaani betri, friji, taa, rangi na vifaa vya umeme. Fungu la mwisho halipaswi kuchanganywa na mengine, wala betri kufunguliwa. Mwenye lori naye aulizwe mambo mawili kabla ya kulipwa: anaupeleka wapi mzigo, na kama ana kibali cha kusafirisha taka. Akishindwa kujibu, kuna uwezekano mkubwa kwamba mzigo utaishia jaani au kando ya barabara.