Nywila ni Amana



Wapenzi wasomaji, wiki chache zilizopita, baada ya swala ya Alasiri, tulijiwa nyumbani na mama mmoja wa mtaani kwetu, akiwa pamoja na kaka yake. Mama huyu ni mtunza hazina wa chama cha akina mama 23. Ahli yetu akawakaribisha ukumbini, kahawa ikaletwa, lakini mgeni wetu kikombe chake hakukigusa.

"Sheikh," alisema, "nimefungiwa nje ya daftari la watu."

Akatueleza. Chama chao huweka akiba ya pamoja na kukopeshana pasina riba. Fedha zenyewe ziko benki, na hazitoki ila kwa sahihi za watu watatu. Kilichopotea ni hesabu: nani ametoa, nani amekopa, nani amelipa na nani amebakisha. Miaka miwili nyuma, mwanawe alizihamisha hesabu hizo kutoka kwenye daftari la karatasi na kuziweka katika akaunti ya barua pepe ya mamake, ili azione kwenye simu popote alipo. Kijana ndiye aliyeichagua nywila, na penye kuandikwa nambari ya simu ya kurejeshea akaunti, aliandika yake. Kisha akapata kazi Qatar, akasafiri, na laini ile ya Kenya akaiacha.

Mama hakuwahi kuulizwa nywila hata siku moja, kwa kuwa simu ilikuwa ikiikumbuka kwa niaba yake. Mpaka siku aliponyang'anywa simu hiyo akiwa ndani ya tuktuk.

Laini yake mwenyewe aliirudisha siku ya pili kwa kuonyesha kitambulisho, na WhatsApp ikarejea. Akaunti ya barua pepe ndiyo iliyokataa. Alipobonyeza palipoandikwa kuwa amesahau nywila, mfumo ukamjibu kuwa nambari za kuthibitisha zitatumwa kwenye ile laini ya mwanawe. Na laini isiyotumika kwa muda mrefu, kampuni huichukua na kuiuza upya. Kijana alipoipigia kutoka huko aliko, ikaitikiwa na mtu asiyemjua. Nywila nayo alikuwa ameshaisahau.

Lau kilichofungiwa kingekuwa ni picha za arusi, tungesema subira ni dawa. Lakini humo mlikuwa na haki za watu. Mwanachama mmoja, muuza mahamri, alikuwa amekopa shilingi 15,000. Yeye alisema amemaliza kulipa, na kwamba shilingi 4,000 za mwisho alizitoa mkononi, usiku wa arusi ya jirani. Mtunza hazina hakukumbuka kuzipokea. Ujumbe wa M-Pesa haukuwapo, kwani zilikuwa ni noti. Maneno yakaanza: hawa wakasema muuza mahamri amekana deni, na wale wakasema mtunza hazina amezila, na kupotea kwa simu ni kisingizio.

Wakaja kwetu tuwahukumie. Kanuni ya fikihi katika jambo hili yajulikana: mwenye kudai huleta ushahidi, na mwenye kukanusha huapa. Mkopaji amekiri deni, naye anadai amelilipa, ushahidi hana. Basi kiapo kingemwangukia mtunza hazina, naye alikuwa tayari kuapa, kwa nia safi kabisa, kwamba hakupokea kitu. Nasi twakiri mbele yenu kuwa tulikuwa karibu mno kumwapisha.

Aliyetuzuia ni ahli yetu. Aliuliza swali moja tu: "Hakuna chombo kingine hapo nyumbani ambacho kijana alikifungulia akaunti hiyohiyo?"

Mama akanyamaza, kisha akakumbuka tableti ambayo wajukuu walikuwa wakisikilizia Qur'ani, iliyolala kabatini tangu waya wake wa chaji ulipokatika.

Kabla hatujafika huko, kaka yake akatujulisha kuwa kuna fundi aliyeahidi kuifungua akaunti kwa shilingi 3,000. Fundi huyo hakutaka kuiona simu; alitaka tu asomewe nambari zozote zitakazoingia kwa ujumbe. Tukamwomba asimpigie tena. Nambari hizo ndizo ufunguo wenyewe. Anayesomewa huweza kuihamishia WhatsApp ya mtu kwenye simu yake, kisha akawaandikia jamaa na wanachama wote kwa jina la mwenyewe, akiomba atumiwe pesa kwa dharura. Kampuni ya kweli haimpigii mtu simu ikimtaka aisomee nambari hizo.

Waya ukaazimwa kwa jirani, na tableti ikatiwa moto. Ilikuwa bado imo ndani ya akaunti. Mama alipojaribu tena kuingia kwa simu mpya na kuchagua njia nyingine ya kujithibitisha, swali likatokea kwenye tableti: je, ni wewe unayejaribu kuingia? Akabonyeza kukubali, akaweka nywila mpya, na mlango ukafunguka.

Hesabu zikasomwa mbele ya wote wawili. Katika mstari wa muuza mahamri, mliandikwa tarehe ya usiku ule wa arusi, shilingi 4,000, na neno moja: mkononi. Aliyeandika ni mtunza hazina mwenyewe, aliporudi nyumbani, kisha akasahau.

Ndugu zetu, tulitetemeka. Mama mwaminifu angeapa kwa Jina la Mwenyezi Mungu juu ya jambo lisilokuwa, na mama mwaminifu mwingine angelipishwa deni mara mbili na kuitwa mwongo mtaani. Mtunza hazina hakungoja Maghribi. Alimshika mwenzake mkono pale pale, wakalia, wakasameheana.

Katika Surat al-Baqara, aya ya 282, ambayo ndiyo ndefu kuliko zote katika Qur'ani, Mwenyezi Mungu ametuamrisha kuandika madeni, yawe madogo au makubwa, na kushuhudisha, ili shaka iondoke. Mama huyu aliandika, na Mwenyezi Mungu amlipe. Lakini maandishi yasiyofikika yana faida gani siku ya mzozo? Aliyeandika haki ya mtu kisha akaufunga mlango bila ya kujua ufunguo uko wapi, amefanya nusu ya kazi. Na katika Surat an-Nisaa, aya ya 58, tumeamrishwa kuzirudisha amana kwa wenyewe. Basi nywila ya akaunti yenye hesabu za watu si siri ya mtu mmoja peke yake, bali ni amana.

Kwa hivyo twausia haya, na tungependa yafanywe leo kabla ya kulala.

Kwanza, kila mmoja aingie katika akaunti yake, atazame ni nambari gani ya simu na barua pepe gani zimewekwa za kurejeshea. Ikiwa ni ya mtoto aliyesafiri, ya mume wa zamani, au laini iliyoachwa, aibadilishe maadamu mlango bado uko wazi. Mlango ukishafungwa, kuibadilisha ni tabu.

Pili, nywila iandikwe kwenye karatasi na kuwekwa pamoja na cheti cha nikaha na hati ya nyumba. Kwa wanaotumia uthibitisho wa hatua mbili, Google humpa mtu nambari 10 za akiba, kila moja ikitumika mara moja tu. Nazo zichapishwe, ziwekwe hapo hapo.

Tatu, WhatsApp ina nambari ya siri ya tarakimu sita ambayo mtu hujiwekea mwenyewe, pamoja na barua pepe ya kuibadilishia akiisahau. Iwekwe, wala isifanane na ile ya M-Pesa.

Nne, atakayefungiwa aanze kwa kuirudisha laini yake, kisha ajaribu akiwa nyumbani, kwa chombo alichozoea kukitumia, kwani mfumo humwamini mtu zaidi akiwa mahali pake pa kawaida. Akiambiwa angoje siku kadhaa, na angoje. Haraka ndiyo inayowapa matapeli riziki yao.

Tano, chama kisiwe na mwandishi mmoja. Hesabu zionekane na wawili au watatu, na kila mwisho wa mwezi zichapishwe na kutiwa sahihi.

Limebaki moja, nalo ni zito kuliko yote. Mama huyu alikuwa hai, akaulizwa, akakumbuka tableti. Je, lau angekuwa kaburini? Imepokewa na Bukhari na Muslim, kutoka kwa Ibn Umar, kwamba Mtume wetu, swalla Llahu alayhi wasallam, amefundisha kuwa haimfalii Muislamu mwenye jambo la kuusia alale siku mbili ila wasia wake uwe umeandikwa naye anao. Madeni ya maiti hulipwa kabla ya kugawanywa mirathi. Na leo madeni mengi, yetu na ya wengine juu yetu, yamo ndani ya simu zilizofungwa. Google humruhusu mtu kuchagua mapema jamaa watakaopewa baadhi ya vilivyomo katika akaunti yake iwapo itakaa muda bila kutumika. Lakini hata karatasi moja ndani ya bahasha, iliyokabidhiwa mtu mwaminifu, yatosha.

Nasi tuliposema haya, ahli yetu akatutazama, akauliza yetu iko wapi. Hatukuwa nayo. Tumeiandika usiku ule ule.

Mwenyezi Mungu atujaalie kuwa miongoni mwa wenye kuzichunga amana zao. Wabillahi tawfiq.